Herufi hewa

Mwangaluka, ndugu msomaji. Kama wewe ni wa kwetu Usukumani utajibu "mhola", na hiyo h utaitoa kwa pumzi ya puani kama alivyokufundisha mama yako. Kama si wa kwetu utajibu "mola", nami nitakuelewa na wala sitakucheka, ingawa utakuwa umenijibu kama mtu anayeanza kusali. Hiyo h naomba uishike vizuri. Nitakuja kuidai baadaye.

Leo nina ugomvi na herufi. Ndiyo, herufi. Nina ugomvi na k ya "knife", b ya "debt", p ya "receipt", s ya "island" na gh ya "night". Zinaandikwa lakini hazitamkwi. Wengine wanaziita herufi bubu. Mimi nitaziita kwa jina ambalo Mtanzania yeyote atalielewa bila kufungua kamusi: herufi hewa. Kwenye orodha ya mishahara zimo, kazini hazionekani.

Najua kuna atakayesema huyu kijana kakosa habari za kuandika. Bei ya pamba ipo, shida ya maji ipo, yeye anahangaika na k ya kisu! Subiri kidogo, ndugu yangu. Nieleze kwanza herufi hizi zimenikosea nini.

Hivi karibuni nilikuwa nyumbani Kambarage, Shinyanga mjini. Mhariri wangu alinipa siku tatu za kupumzika, ambazo kwa mwandishi wa habari ni siku moja na nusu, maana simu haikomi. Nyumbani tunaishi na mtoto wa mama mdogo, ambaye kwetu ni mdogo wangu tu, hatuna hesabu nyingine. Yuko kidato cha kwanza. Huyu dogo alipokuwa shule ya msingi alikuwa hafungi mdomo. Atakuuliza mwezi unashikiliwa na nini usianguke. Atakuuliza kwa nini ng'ombe anakula majani mabichi na maziwa yanatoka meupe. Mama alikuwa anamwambia, "Wewe mtoto utakuja kuwa wakili au utakuja kupigwa."

Safari hii nimemkuta kimya. Nikadhani ni malaria. Usiku wa pili, tumekaa nje baada ya kula, akaniambia mwenyewe. Darasani alipewa sentensi ya kusoma kwa sauti. Ndani yake kulikuwa na neno "knife". Akasoma alichokiona: "kinife". Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, darasa likamalizia. Tangu siku hiyo jina lake shuleni ni Kinife. Sitaitaja shule, maana shule yenyewe ingeweza kuwa yoyote.

"Siku hizi sinyooshi mkono, kaka," akaniambia. "Hata kama jibu ninalo."

Nikamuuliza, hata kwenye Baiolojia? Akasema hata kwenye Baiolojia. Mwalimu aliuliza kazi ya figo, yeye anaijua tangu darasa la sita, kwa Kiswahili anaweza kukueleza mpaka ulale. Lakini hakujua kama neno la Kiingereza la figo lina herufi nyingine iliyojificha. Akaona bora anyamaze.

Hasira zilinipanda, ndugu msomaji. Nikataka kwenda shuleni asubuhi. Kisha nikakumbuka jambo ambalo nimelificha miaka kadhaa, na ambalo linaninyima haki ya kwenda kumfokea mwalimu wa mtu.

Nilikuwa mgeni katika kazi, nimetoka chuo kikuu juzi tu, begi begani, kitambulisho kifuani. Nilitumwa upande wa Geita kuripoti mkutano wa wachimbaji wadogo na mfadhili mmoja aliyetaka kuweka pampu na dizeli kwenye maduara yao. Tulikaa chini ya mwembe. Mfadhili alileta mkataba wa kurasa mbili, wote kwa ung'eng'e. Msaidizi wake, kijana mwenye tai, akautafsiri harakaharaka kama mtu anayekimbia mvua. Akauliza kama kuna swali.

Akasimama mzee mmoja. Ameanza kuchimba kabla mimi sijazaliwa. Elimu yake ni darasa la saba. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Akasema anataka kuuliza kuhusu mstari fulani, na kwa kuwa alitaka kila mtu ajue ni mstari gani, akausoma. "Debt" akaisoma "debti". "Receipt" akaisoma "resipti". Yule kijana mwenye tai akaangua kicheko. Waliokaa mbele wakadakia. Mmoja akasema, "Ngosha, kaa chini, utatuvunja mbavu!" Mzee akatabasamu tabasamu la aibu, akakunja karatasi, akakaa. Swali lake hakuuliza. Mkataba ukasainiwa.

Na mimi nilicheka. Sikucheka kwa sauti, lakini nilicheka, tena nikiangaliana na yule kijana mwenye tai, kama watu wawili wanaofahamiana kwa sababu wote wanajua b ya "debt" haitamkwi.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi. Nikamkuta yule mzee kwenye karasha, vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Nikamuuliza, mzee wangu, siku ile ulitaka kuuliza nini? Akaniambia bila kinyongo. Mstari ule ulikuwa unasema gharama zote za pampu na dizeli ni deni la kikundi, na litakatwa kabla ya mgawo. Yeye alitaka kujua risiti zitakaa kwa nani. Basi. Swali la sekunde tano. Risiti zilikaa kwa mfadhili. Dhahabu ilipotoka, deni lilikuwa limeshameza fungu la kikundi, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kubishia.

Yule mzee alitamka b. Lakini pale chini ya mwembe ndiye peke yake aliyelielewa deni.

Niliandika habari ile, ikatoka ndogo, ukurasa wa ndani. Sikuandika kwamba nilicheka. Naandika leo.

Sasa tuzikague hizi herufi, maana zinatusumbua kana kwamba zilishuka na Musa mlimani. Mnakumbuka mwaka 2016 serikali ilipowasaka watumishi hewa, na mwaka 2017 ikawafuata wenye vyeti feki. Tufanye uhakiki wa namna hiyohiyo. Utashangaa, makosa ni yaleyale mawili.

Kundi la kwanza ni la marehemu ambao majina yao hayajafutwa. Hapa ndipo ilipo k ya "knife" na "knee". Zamani za kale Mwingereza alikuwa anaitamka kabisa. Mjerumani, ambaye lugha yake ni ndugu wa damu na Kiingereza, anaitamka mpaka leo: goti kwake ni "Knie", na k inasikika. Wajerumani hao hao walitawala huku kwetu mpaka vita vya kwanza vya dunia na wakatuachia neno "shule". Kama mdogo wangu angekuwa anasoma Kijerumani, ile k yake angepewa vema. Na gh ya "night" nayo ilikuwa na sauti, karibu na ile kh ambayo mtu wa Unguja anaitoa kooni akisema "kheri". Sauti ilikufa karne nyingi zilizopita, maiti ikabaki kwenye maandishi. Kwa nini haikuzikwa? Kwa sababu William Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, na jinsi wachapaji walivyozidi kuchapa ndivyo tahajia ilivyozidi kuganda, huku midomo ya watu ikiendelea kubadilika. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 alikuta marehemu wengi wamekaa kwenye viti, akawaandikisha.

Kundi la pili ni baya zaidi. Hili halijawahi kufanya kazi hata siku moja. Hawa ndio wenye vyeti feki. Neno "debt" Waingereza walilichukua kwa Wafaransa likiwa "dette", halina b mbele wala nyuma, na kwa miaka mingi waliliandika bila b. Wakaja wasomi waliokuwa wanaona fahari kuonyesha kwamba wanajua Kilatini. Wakasema Warumi walisema "debitum", basi tuweke b ili neno lionekane limetoka ukoo mkubwa. Wakaiweka. Midomo ikakataa. "Receipt" nayo ikachomekwa p kwa sababu hiyohiyo, lakini angalia maajabu: ndugu zake wa ukoo huohuo, "deceit" na "conceit", hawakupewa p. Hakuna sababu. Waliokuwa wanagawa p walichoka, labda.

Na "island" ndiyo kichekesho. Neno hili si la Kilatini hata kidogo, ni Kiingereza cha asili, na lilikuwa linaandikwa bila s. Wasomi wakadhani ni jamaa wa "insula", neno la Kilatini la kisiwa, wakalivisha s. Yaani walikosea ukoo wa neno, na kosa lao tunalipia sisi kwa kuchekwa. Mtoto wa Ukerewe, aliyezaliwa kisiwani na atakayezikwa kisiwani, akitamka hiyo s ataambiwa hajui kisiwa ni nini.

Sasa sikia hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae kuandika. Mwishoni mwa karne ya 16, Shakespeare aliandika mchezo wa kuchekesha uitwao Love's Labour's Lost. Ndani yake kuna mwalimu wa shule, Holofernes, anayejiona sana. Huyu mwalimu analalamika kwamba watu siku hizi wanaharibu lugha kwa kutoitamka b ya "debt". Umenisoma vizuri. Kwa Holofernes, msomi ni yule anayeitamka b, na asiyeitamka ndiye mshamba! Shakespeare alimweka jukwaani ili watu wamcheke mwalimu.

Basi yule mzee wangu wa darasa la saba, chini ya mwembe upande wa Geita, alitamka "debt" vilevile alivyotaka Holofernes itamkwe. Akachekwa. Zamani mwenye elimu alimcheka aliyeiacha b, leo mwenye elimu anamcheka anayeitamka. Kicheko hakijabadilika, ni b tu iliyohamishwa upande. Kumbe hoja haijawahi kuwa b. Hoja ni kupata mtu wa kumkalisha chini.

Hebu niambie, hii ni elimu gani? Mtu akikosea kanuni ya Hesabu, daraja linaanguka. Akikosea dozi, mgonjwa anakufa. Akiitamka k ya "knife", kisu kinapoteza makali?

Na tusidhani wenye lugha yao wameridhika. Noah Webster wa Marekani, katika kamusi yake ya mwaka 1828, alikata u kwenye "colour" na "honour", na Wamarekani mpaka leo wanaandika bila u na hakuna aliyekufa. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza wachapaji wa serikali watumie tahajia rahisi kwa maneno 300. Bunge la nchi yake likampinga, akaachia. George Bernard Shaw alipofariki mwaka 1950 aliacha wosia fedha zake zitumike kutafuta alfabeti mpya kabisa ya Kiingereza. Na mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha mbalimbali za Ulaya. Waliokuwa wanajifunza kusoma kwa Kiingereza walikwenda kwa kasi ndogo zaidi ya mara mbili kuliko wengi wa wenzao. Hao ni watoto wanaonyonya lugha hiyo na maziwa ya mama! Sisi tunamchukua mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, tunamvusha mlango mmoja tu kuingia sekondari, na siku ya kwanza anapokwaa kwenye kizingiti tunamcheka.

Twende nyumbani sasa. Angalia Kiswahili kilivyofanya na herufi hizi hizi. "Sign" ina g hewa. Kiswahili kikasikiliza, kikaandika saini. "Campaign" ina g hewa, tukaandika kampeni. "Receipt" tukaandika risiti. "Psychology" ikawa saikolojia. "Pneumonia" ikawa nimonia. "Colonel", ambayo Mwingereza anaiandika kwa l na kuitamka kama ina r, jeshini kwetu ni kanali, na anapigiwa saluti ileile. Herufi hewa hazikuvuka mpaka. Zilisimamishwa pale Namanga zikaulizwa kazi zao, zikakosa jibu. Nani alifanya uhakiki huo? Ni makuli, makarani, askari, mafundi, na kina mama sokoni. Watu wa darasa la saba na wasio na darasa.

Hata Waingereza walipokuja kutuandikia lugha yetu kwa herufi za Kirumi hawakuthubutu kutuletea tahajia ya kwao. Askofu Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliandika kinachosikika. Alikuwa Mwingereza mwenye akili timamu. Alijua cha kwao si cha kumpelekea mgeni.

Na mtaa wetu unaitwa kwa jina la Mwalimu. Kambarage Nyerere alikijua Kiingereza kuliko yule kijana mwenye tai na mimi tukijumlishwa. Alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare ikachapwa mwaka 1963. Mwaka 1969 ikatoka upya, na jina la kitabu likabadilishwa kuwa Juliasi Kaizari. Angalia: hata Kaisari wa Roma alipofika kwetu aliambiwa avue herufi mlangoni, aandikwe anavyotamkwa.

Haya, nisijipendelee. Kuna watakaonirushia mawe matatu, nayadaka moja moja.

La kwanza: herufi hizi zina faida, zinaonyesha ukoo. Ni kweli kwa baadhi. Ile g ya "sign" inaamka na kusikika kwenye "signature". Ile b ya "debt" inakutana na "debit" benki. Nakubali. Basi mwalimu amwambie mtoto hadithi hiyo, ni tamu, itamkaa kichwani. Faida ya ukoo haiwi sababu ya kumtukana mgeni ambaye hajatambulishwa.

La pili: Kiingereza ni lugha ya dunia, wewe kijana unataka turudi nyuma. Hapana. Mimi nilikisoma, kinanisaidia kazini, na hizi habari za Holofernes sikuzipata kwenye ngoma za Bagalu. Mdogo wangu namtaka akijue vizuri. Lakini kukijua Kiingereza ni jambo moja, na kukifanya mlango wa kupitia Baiolojia, Historia na haki ya kuuliza swali ni jambo jingine. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Haikufanyika. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023 likakiacha Kiingereza palepale sekondari. Tumezunguka zaidi ya miaka 40 tunarudi kwenye k ya "knife".

La tatu ndilo zito, na linanigusa. Utaniambia: nyie Wasukuma mbona Kiswahili chenyewe kinawapiga chenga? Kweli. Sisi ni watu wa dhahabu tusioweza kuitamka dhahabu. Tunachimba "zahabu", tunauza "zahabu", na "zahabu" hiyo inajenga nchi. Sauti ya dh hatukuzaliwa nayo. Kiswahili sanifu kilichaguliwa kutoka Unguja na wakubwa wa kikoloni waliokutana Mombasa mwaka 1928, wala Shinyanga hakuna aliyeulizwa. Kwa hiyo hata katika lugha yetu tunayojisifu nayo kuna mtu anayeandika kisichotoka mdomoni mwake. Na anachekwa! Nimeona kwenye chumba cha habari mtu mzima akiigiza lafudhi ya mwenzake wa Kahama, watu wakagonga meza.

Sasa nidai ile h yangu. "Mhola." Kishapu, jirani zetu hapa, makao makuu ya wilaya yanaitwa Mhunze. Hiyo h si hewa, ina sauti yake ambayo Kiswahili sanifu hakina. Lakini kila siku wageni, hata watangazaji, wanaisoma "Munze". Wanaiua h ya watu wazima iliyo kazini. Umeshasikia Msukuma amemcheka mtangazaji hewani mpaka akaacha kazi? Wakati mimi namtamkia Mwingereza herufi ambayo haipo, ninakuwa mshamba. Yeye asipoitamka yangu ambayo ipo, hiyo ni lafudhi. Nauliza tu: nani aligawa hivi vyeo?

Ndugu msomaji, sina uwezo wa kuandika sera. Lakini yapo mambo ambayo hayasubiri wizara.

Wewe mwalimu, mtoto akisoma "kinife", mwambie: vizuri, umesoma kilichoandikwa, kosa ni la waandishi, sasa nikufundishe wanavyosema. Ni sentensi moja. Itamrudishia mkono wake juu.

Wewe unayeleta mkataba kijijini, andika kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Kama jaji anaweza kuhukumu kwa Kiswahili, wewe na pampu yako ya dizeli umeshindwa nini? Na kama karatasi ni ya Kiingereza, mchimbaji mwenzangu, usisaini mpaka umeuliza swali lako lote. Litamke unavyoliona. Ukitamka b, itamke kwa nguvu.

Na sisi waandishi, tuliobeba kalamu na vitambulisho, tukisikia kicheko kwenye mkutano tuache kuandika nani kasema nini kwa muda, tutazame nani amekaa chini. Habari iko kwake.

Usiku ule Kambarage nilimsimulia mdogo wangu habari za Holofernes. Alicheka mpaka mama akatoka kuuliza kuna nini. Kisha nikamsimulia habari za yule mzee. Hapo hakucheka. Alikaa kidogo, akaniuliza swali, la kwanza tangu nifike.

"Na wewe kaka ulicheka?"

Nikamwambia ndiyo.

Hakusema neno. Asubuhi alivaa sare akaenda shule, mimi nikapanda basi kurudi kazini. Kama amenyoosha mkono sijui bado. Nitampigia simu jioni nimuulize.

Nawasilisha.